Samani ya Nyumba ya Bi Sikitu

Iko nchi moja, jina lake msiniulize, nami nikiulizwa nitasema nimelisahau. Ni nchi nzuri tu. Mvua inanyesha, kuku wanataga, na serikali inawapenda wananchi wake mpaka inawahesabu mara mbili kwa mwaka isije ikampoteza mmoja. Ilikuwa na shida moja tu, ndogo mno, haizidi ncha ya ulimi.

Mtukufu, mkuu wa nchi hiyo, hakuwa na "th". Kwao alikozaliwa sauti hiyo haikufika, na hilo si kosa. Wapo watu wema wengi wanaosema "selasini" maisha yao yote na wakazikwa kwa heshima. Yeye mwenyewe, maskini, hata hakujua. Waliojua ni waliomzunguka. Siku aliposema bungeni kwamba hazina ina bilioni semanini, waziri mmoja alisimama kuunga mkono hoja, akatamka "themanini" kwa ulimi ulionyooka kabisa, na kesho yake akajikuta amepangiwa kazi ya kuhesabu nyani mpakani. Mtukufu hakuagiza jambo hilo. Wasaidizi tu walimwonea huruma kabla hajaumia.

Basi tangu siku hiyo nchi nzima ikaiacha "th" kama iliyokuwa na ugonjwa. Magazeti yakabadilisha tahajia. Walimu wakapewa mafunzo ya siku tatu, pamoja na posho. Thawabu ikawa sawabu. Theluji ikawa seluji, ingawa huko haijawahi kuanguka hata punje. Neno "thubutu" nalo likawa "subutu", na kuanzia hapo mimi sijasikia tena kwamba kuna mtu nchini humo aliyethubutu.

Mimi naandika haya nikiwa upande wa pili wa mpaka, ndiyo maana mnaona ninavyojiachia.

*

Sasa tuje kwa Bi Sikitu Lugome, maana huyu ndiye mwenye hadithi.

Bi Sikitu alikuwa mthamini wa serikali kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kuingia nyumba za watu na futi mkononi, kupima vyumba, kugonga plasta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza inavyojibu, kupanda darini kukagua kenchi za paa, kuulizia nyumba tatu za jirani ziliuzwa kwa kiasi gani, kisha kuandika ripoti ya kurasa kumi na nne ya kueleza nyumba hii ni shilingi ngapi na kwa nini. Mwanamke asiyetulia. Ukimkaribisha kiti anakikagua miguu, anashukuru, anabaki amesimama. Akiongea nawe macho yake yanapanda ukutani kutafuta ufa.

Kwake Kilima Mbuni alijenga nyumba ya vyumba vinne kwa miaka kumi na tisa, mshahara huu tofali, mshahara ule saruji, mwaka mzima lenta tu ya juu ya madirisha. Alipoihamia akakataa kuijaza vitu. Maisha yake yote alikuwa amechoka kusogeza makabati ya watu ili auone ukuta, kwake alitaka kuta zionekane. Kwa hiyo humo ndani mlikuwa na kitanda kimoja, mkeka mmoja na stuli ya jikoni. Basi. Yeye alizunguka chumba hadi chumba na kikombe chake cha chai, akizitazama pembe zake zilizonyooka, na moyo ukitua kidogo.

Haukutua kwa muda mrefu. Mtukufu akahutubia taifa.

"Wananchi wangu," alisema, "kuanzia sasa hakuna kumsubiri msamini mwezi mzima. Mtu atashika simu yake, na simu itamwambia samani ya nyumba yake. Taifa lisilojua samani yake ni taifa lililolala!"

Makofi yalipigwa kwa dakika kumi na moja. Wabunge wawili walizimia kwa furaha, na ilipoonekana kwamba kamera ya televisheni haikuwapata, wakazimia tena.

Kazi ya kutengeneza programu hiyo ya simu ikapewa kampuni ya mbali, watu waaminifu ambao, tofauti na sisi, husoma maelekezo. Walipokea hotuba ikiwa imechapwa, wakaiona hiyo "samani", wakafungua kamusi. Kamusi ikawaambia: viti, meza, vitanda, makabati na vyombo vingine vya kuwekwa nyumbani. Wakashangaa kidogo, kwa adabu. Wakaandika barua Wizarani kuuliza kama kweli ndivyo. Wizara ikajibu kwa mstari mmoja: *Maneno ya Mtukufu hayana mjadala.*

Wakatengeneza. Mtambo ukawekwa, nao ulifanya kazi vizuri sana, hilo lazima nilikiri. Unapiga picha nne za ndani ya nyumba, simu inatetemeka kidogo, unapata jibu na nyota tano za kuupongeza Mtambo.

Wiki ya kwanza ikajulikana kwamba jengo la mahakama, la mawe, la ghorofa nne, halifikii saluni iliyo ng'ambo ya barabara. Wiki ya pili lilizuka suala la Fundi Mkadam, seremala, jirani yake Bi Sikitu. Karakana yake ni banda la mabati, limeegemea ukuta wa mtu mwingine. Lakini shule moja ya bweni ilikuwa imeagiza vitanda mia moja na sitini, vyote vimepangwa humo vikisubiri vanishi. Mtambo ukapigiwa picha, ukatetemeka, ukasema banda hilo limeipita Ikulu.

Maafisa wakaja na malori mawili. Hawakuwa na ubaya wowote. Walihamisha vitanda themanini kwenda Ikulu ili mambo yakae sawa, wakampa Fundi Mkadam cheti cha Mzalendo Daraja la Pili, na shule ikaambiwa watoto wajifunze kulala kwa zamu.

Wathamini wote wakastaafishwa siku moja. Bi Sikitu alipewa mwavuli.

*

Siku ya Jumanne, Tegemeo Fikirini alifika Kilima Mbuni na kopo la rangi nyekundu. Tegemeo alikuwa Afisa wa Samani wa Wilaya. Zamani alikuwa mwanafunzi wa Bi Sikitu kazini. Ndiye aliyemshikia upande wa pili wa futi kwa miaka sita.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Tegemeo. Umekuja kupima?"

"Barabara ya Heshima inapita hapa, Mama. Ile ya kutoka uwanja wa ndege kwenda shambani kwa Mtukufu. Serikali itakulipa fidia."

"Futi lako liko wapi?"

"Futi hatutumii siku hizi."

Akapiga picha nne. Simu ikatetemeka. Akaitazama, akaifunika kwa kiganja, halafu akaonyesha kwa sababu sheria ilimtaka aonyeshe. Shilingi elfu arobaini na nane na mia mbili.

"Hiyo ndiyo nini, baba?" Bi Sikitu aliuliza. "Bei ya mlango?"

"Ni jumla, Mama. Kitanda elfu selasini na tano. Mkeka elfu nne. Stuli elfu tisa na mia mbili."

"Na nyumba?"

Tegemeo akatazama viatu vyake. "Ndiyo hiyo samani yake, Mama."

"Nilikufundisha mimi kugonga plasta. Gonga huo ukuta, uniambie unasikia nini."

Hakugonga. Alijua atasikia nini. "Nina watoto watatu, Mama," akasema taratibu, akatoka nje, akachora X kubwa nyekundu karibu na dirisha. Mstari mmoja ukapinda. Akamwachia fomu ya kusaini na siku saba.

Bi Sikitu alibaki katikati ya chumba. Elfu arobaini na nane haikutosha kupanga hata choo cha mtu. Miaka kumi na tisa ya mishahara yake ilikuwa imesimama pale, imenyooka, imepigwa rangi, na Jumanne ijayo tingatinga litaiangusha kwa nusu saa. Alitaka kulia akashindwa, maana kulia kunataka mtu akae mahali. Akaanza kutembea. Sebuleni, chumbani, jikoni, sebuleni. Fundi Mkadam, aliyekuwa akipiga randa ng'ambo ya ua, alimwona akipita dirisha hili, akitokea lile, mpaka akapata kizunguzungu yeye.

"Dada Sikitu, hebu tua," alimwita. "Mimi nina makochi ya mteja pale. Tuyaingize kwako, upige picha upya. Utapanda mpaka milioni tano."

"Nyumba yangu ni milioni tisini na mbili, Mkadam. Nimeipima mwenyewe mara nne. Sitaiuza kwa makochi ya mtu."

"Kwani kuna atakayejua?"

"Mimi nitajua," akasema, akaendelea kutembea.

*

Aliandika ripoti yake. Kurasa kumi na nne, kama kawaida: msingi, kuta, kenchi, bati, nyumba tatu za jirani na mauzo yake. Akaipeleka Baraza la Rufaa za Samani, ambalo mwenyekiti wake alikuwa Dokta Ndaro, mtu mnene mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kuonekana anasoma.

Dokta Ndaro alifungua ukurasa wa kwanza, macho yakatua kwenye kichwa cha habari, jasho likamtoka. Akaufunika mstari ule kwa kitambaa cha mkononi.

"Mama," akanong'ona, "hii herufi umeiandika wewe mwenyewe?"

"Ndivyo neno linavyoandikwa."

"Lilivyokuwa likiandikwa. Baraza halijaiona." Akaisukuma ripoti yote mbali naye kwa ncha ya rula. "Toa malalamiko yako kwa mdomo. Karani ataandika."

Bi Sikitu akafungua mdomo, na hapo ndipo alipouona mtego wote. Akilitamka neno lile sawasawa, amemkosoa Mtukufu mbele ya mashahidi, na hilo lina miezi sita gerezani. Asipolitamka sawasawa, atakuwa amesema kitu kingine.

"Napinga," akasema polepole, "samani iliyoandikwa. Ni ndogo mno."

"Umesema samani yako ni ndogo?"

"Ni ndogo kuliko inavyostahili."

"Kitanda kimoja, mkeka mmoja, stuli moja," Dokta Ndaro alisoma kwenye simu. "Kweli ni ndogo. Baraza linakubaliana nawe kabisa. Karani, andika kwamba pande zote mbili zimeafikiana. Rufaa imefungwa. Hongera, Mama, wengine huwa tunabishana nao siku nzima."

Alitoka pale miguu haijui iendako. Alizunguka jengo la Baraza mara tatu, askari wa getini akamuuliza kama amepoteza kitu. Bi Sikitu alikuwa na hasira ya mtu anayejua jibu na amezibwa mdomo. Aliporudi nyumbani akaichukua ile fomu ya fidia aichane.

Hakuichana. Mtu aliyesoma ripoti kwa miaka thelathini na mmoja hawezi kuchana karatasi kabla hajaisoma. Na wathamini wana tabia moja ambayo watu wa simu hawana: bei huiangalia mwisho. Kwanza hutazama ni kitu gani kilichopimwa.

Fomu yenyewe ilikuwa ile ile ya zamani, hakuna aliyehangaika kuibadilisha. Mtambo ulijaza tu penye nafasi. Juu palichapwa: *Serikali inachukua mali iliyotajwa hapa chini, hiyo tu na si nyingine.* Na chini yake Mtambo, kwa uaminifu wake wote, ulikuwa umeandika: kitanda kimoja, mkeka mmoja, stuli moja.

Bi Sikitu akaisoma mara ya pili amesimama dirishani. Mara ya tatu akicheka peke yake, mpaka Fundi Mkadam akaacha kupiga randa akidhani shida imempanda kichwani. Akatia saini kwa kalamu ya wino. Asubuhi akaenda kuchukua elfu zake arobaini na nane na mia mbili, akadai stakabadhi, akadai na mhuri.

*

Jumanne lilikuja tingatinga, askari sita, Tegemeo, na Dokta Ndaro ndani ya gari lenye kiyoyozi, kwa sababu ilikuwa nyumba ya kwanza ya Barabara ya Heshima na magazeti yangekuwapo. Mtaa mzima ulitoka nje.

Bi Sikitu alikuwa getini tangu saa kumi na mbili. Mbele yake, barabarani, alikuwa amepanga kitanda, juu ya kitanda mkeka, juu ya mkeka stuli.

"Mzigo wenu huu," akasema. "Hesabuni, mtie saini kwamba mmepokea."

Dokta Ndaro alishusha kioo. "Mama, toka njiani. Serikali imekwisha inunua nyumba hii."

Akampa fomu kupitia dirishani. Dokta akavaa miwani ya kusomea, akaivua, akavaa ile nyingine.

"Nyumba haimo humo," Bi Sikitu alimwambia. "Tafuta. Hakuna ukuta, hakuna bati, hakuna hata kitasa. Mmenunua kitanda, mkeka na stuli, mkalipa, mkagonga mhuri. Chukueni mali yenu."

"Usitupotezee muda. Fomu inasema samani ya nyumba. Na samani ya nyumba ndiyo nyumba yenyewe, mtu yeyote anajua."

"Mimi sijui. Jana Mtukufu alionekana kwenye televisheni amekalia samani. Alikalia nyumba?"

Kicheko kikapita mtaani, kikajificha haraka. Dokta Ndaro alishuka garini, uso umemwiva.

"Unajua vizuri ninachosema, mama. Sisemi samani ya viti. Nasema samani nyingine. Samani ya... ya ile..."

"Ipi?"

"Ile ya bei!"

"Kumbe ni neno jingine," Bi Sikitu alisema taratibu kabisa, na waliomjua walishangaa kuona miguu yake imetulia. "Kama ni neno jingine, basi Mtambo umekosea, na aliyeuagiza alisema vingine. Litamke hilo neno, Dokta. Ulitamke vizuri, waandishi hawa waliandike, halafu mimi mwenyewe nitampungia dereva mkono abomoe."

Dereva akazima tingatinga ili asikie. Askari sita wakageuza shingo wakautazama mdomo wa Dokta Ndaro. Akaufungua. Ulimi ulionekana, ukasogea mbele, ukagusa meno ya juu, ukabaki pale. Alikuwa na shahada tatu na nyumba mbili na gari la serikali, na vyote vilikuwa vimekaa kwenye ncha ya ulimi ule. Mwandishi mmoja akasogeza kinasa sauti.

Ulimi ukarudi ndani.

"Pakieni kitanda," Dokta Ndaro akasema.

Wakapakia. Tegemeo ndiye aliyeibeba stuli, na alipompita Bi Sikitu aligonga nguzo ya geti kwa kifundo cha kidole, mara moja, kama bahati mbaya tu. Askari mmoja alitoa saluti kwa mkeka, maana sasa ulikuwa mali ya umma.

*

Mngetaka niishie hapo, nami ningependa. Lakini serikali ile si ya kulala, nimekwisha waambia inawapenda watu wake.

Jioni hiyo hiyo fomu ikarekebishwa. Sasa inasema Serikali inachukua samani *pamoja na kila kinachoizunguka.* Nyumba nyingine zote za Kilima Mbuni zikaenda kwa fomu mpya, pamoja na banda la Fundi Mkadam. Ya Bi Sikitu ikawasumbua, kwa sababu Mtambo ulipoipiga picha upya ulikuta vyumba vinne vitupu, ukatetemeka kwa muda mrefu, ukajibu: *Hakuna samani. Nyumba haipo.* Ikafutwa kwenye ramani. Na tingatinga haliruhusiwi kubomoa kisichokuwa kwenye orodha. Barabara ya Heshima ilifika pale, ikasita, ikapinda, ikaizunguka na kuendelea kwenda shambani kwa Mtukufu. Misafara inayopita huambiwa kwamba ni kona ya mapambo.

Kila Jumatatu kindege kidogo chenye kamera hupita kikichungulia madirishani. Kikiona kiti kimoja, stuli moja, kigoda cha kukunia nazi, nyumba itakuwa imerudi kuwapo, na wataifuata siku hiyo hiyo na fomu mpya. Bi Sikitu analala sakafuni kwenye saruji yake mwenyewe, anakula amesimama, na magoti yameanza kumsumbua.

Miezi minne ikapita, Fundi Mkadam, ambaye sasa anafanyia kazi chini ya turubai mtaa wa tano, akaja kumtembelea na kitu kichwani. Kilikuwa kiti. Kiti cha mikono, cha mninga, alichokitengeneza wiki tatu bila kumwambia mtu.

"Nimekuletea, dada. Usiseme hapana. Hujakaa tangu mwaka huu uanze."

Bi Sikitu alisimama mlangoni asimruhusu kupita. Akanyoosha mkono akaushika mkono wa kile kiti. Akakigeuza, akatazama viungo, hakuna msumari hata mmoja. Akagonga mgongo wa kiti kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa kusikiliza, na machozi yakamlengalenga, maana magoti yalikuwa yakimuuma na kiti kilikuwa cha kimo chake hasa.

"Mkadam," akasema, "kiti hiki kina thamani."

Alilisema lote, ulimi katikati ya meno, sauti ya kusikika mpaka barabarani. Fundi Mkadam aligeuka haraka kutazama nyuma yake. Alipohakikisha hakuna mtu akamrudia kwa macho, akalijaribu neno lile mdomoni bila kutoa sauti, na likamshinda. Alikuwa amekwisha lisahau.

"Sasa nikiweke wapi?" akauliza.

"Rudi nacho," Bi Sikitu akamwambia. "Kesho Jumatatu."

Akamsaidia kukitwika, akamtazama mpaka alipoimaliza kona ya mapambo, kisha akaingia ndani na kuanza kutembea. Sebuleni, chumbani, jikoni, sebuleni.